Isale ya Kona ya Juu

Majengo, Moshi
14 Januari 2024

Babu Wenseslaus,

Shikamoo. Mjukuu wako ni mzima, sina hata mafua. Baba mdogo Fabian anakusalimu kutoka kwenye cherehani yake. Wiki hii ameshikwa na sare za kwaya na hali wala hanywi. Mama mdogo Grace naye anasalimu, anasema ukipata mtu wa kushuka umpe mkungu mmoja wa ndizi ng'ombe, maana hizi za sokoni amezichoka. Shule tumefungua. Niko Kidato cha Pili sasa, na hesabu bado hazinipendi.

Naandika barua kwa sababu simu huisikii, na meseji ulishanikataza, eti zinakufanya ujione kama mtu anayedaiwa.

Sasa babu, kaa chini. Umekaa? Theluji Akademi wamenitaka! Kocha wao, Davis, alikuja kuangalia mechi za shule, akaniona nikipiga kona. Akamwita mwalimu wetu pembeni, akamuuliza, "Huyu wa mguu wa kushoto ni wa wapi?" Babu, nilijikwaa kwenye ndoo ya maji kwa furaha. Wana uwanja wa nyasi, tambarare kabisa, ukiuweka mpira unakaa. Wana basi lao lenye picha ya mlima ubavuni. Kila msichana ana jezi ya mazoezi na jezi ya mechi. Wanaenda mpaka Dar kucheza!

Kwa hiyo nitaiacha timu yetu ya Mfongoni. Nimeandika haraka hivyo ili nisiogope.

Naomba baraka zako. Mama nimempigia kule Mwanza, amesema swali hilo si lake, ni la mtu aliyenifundisha kupiga mpira kwenye mteremko. Mtu huyo ni wewe. Usinikasirikie babu yangu.

Mjukuu wako,
Victoria


Kibosho
28 Januari 2024

Kwako Victoria wa Majengo,

Marahaba. Mimi nipo, isipokuwa masikio ambayo yamekufa na goti ambalo linataka kuyafuata. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi, ana doa moja jeupe katikati ya uso. Nimemwita Penalti. Mkungu wa Grace ameubeba Mama Eunike pamoja na barua hii, kwani yeye hushuka sokoni kila siku ya soko na ndiye posta yetu.

Nije kwa hilo la Theluji. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza kwa miwani, halafu bila miwani, nikitumaini itabadilika.

Hatuna basi, kweli. Uwanja wetu umeegemea upande kama mlevi ukutani. Goli moja liko juu, jingine chini, na chini ya hilo la chini upo mfongo, na mpira ukitumbukia kwenye mfereji huo mnaufukuza mpaka kwenye kahawa za watu. Mistari nachora mimi kwa majivu ya jikoni. Vibendera vya kona hatuna, tuna isale zilizopandwa, zile za majani marefu. Lakini hebu jiulize, huyo Davis alikuona unapiga kona ya namna gani? Ya kuzunguka. Na kwa nini unauzungusha mpira? Kwa sababu tangu ukiwa mdogo nimekwambia isale haiguswi. Ndiyo mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na ndiyo tunayompelekea mtu tuliyemkosea, naye hawezi kuikataa. Watoto wengine wana kijiti cha plastiki, kikiwasumbua wanakisogeza. Wewe ulilazimika kutafuta njia ya pembeni.

Sikukatazi. Nenda, na Mungu akutangulie. Mtoto akilia wembe mpe.

Ila neno moja. Wenzako uwaage mwenyewe. Rachel anashuka mlimani Alhamisi, amepeleka wageni kileleni, na Jumamosi atakuwa uwanjani na wasichana wote. Kocha wako huyo alikufundisha hata siku alizoshuka na mabega yamevimba kwa mizigo. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Usinitume mimi, mimi si tarumbeta.

Babu yako,
Wenseslaus


Majengo
3 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Samahani nimekawia. Sisi wote wazima. Baba mdogo amepata kazi ya suti za harusi, chumba kizima kimejaa vitambaa mpaka tunakula tumesimama. Penalti hajambo? Ananyonya vizuri?

Jumamosi ile sikuweza kupanda, tulikuwa na masomo ya ziada. Halafu Jumamosi iliyofuata mazoezi yakaanza huku. Wasalimie Eunike na Lukresia na wote. Waambie nitakuja.

Babu, kule ni raha tupu! Basi lina viti vya kulala, na dereva anaitwa Jesse, anatuwekea muziki. Baada ya mazoezi tunapewa maziwa na mkate wenye siagi. Nimepewa daluga mpya, nyekundu, zangu peke yangu. Tumekwenda Arusha, tukalala kwenye hosteli yenye maji ya moto. Kocha Davis ana kompyuta, anatuonyesha makosa yetu kwenye ukuta. Hapa mvua imeanza kunyesha, matope kidogo.

Wako,
Victoria


Kibosho
21 Aprili 2024

Victoria,

Marahaba. Mvua huku si kidogo, barabara imekuwa uji. Penalti ameanza kula majani na ana kiburi. Nimepika kiburu cha ndizi na maharage mwenyewe Jumapili, kikaungua. Bibi yako angekuwa hai angenifukuza jikoni.

Jumamosi ile walikungoja. Eunike alisimama juu ya jiwe la golini akiangalia barabara mpaka mazoezi yakaisha. Masomo ya ziada ni kitu kizuri. Kutoka Majengo mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja, na sasa hiyo asubuhi imefika Aprili.

Umeniandikia habari za basi, za mkate, za daluga na za maji ya moto. Basi halifungi bao, mama. Nimetafuta kwenye karatasi yako yote, mbele na nyuma, neno moja tu. Unacheza?

Mfongoni iko salama. Tunacheza. Usiulize zaidi.

Babu


Majengo
9 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo sana. Mama mdogo Grace alikuwa anaumwa malaria, amepona, ameshaanza kugomba. Mitihani imepita. Hesabu nimepata C, piga vigelegele!

Nina habari kubwa. Tarehe 22, siku ya Jumamosi, Theluji tunapanda Kibosho kucheza mechi ya kirafiki na Mfongoni! Basi lote linakuja, kama barabara itaturuhusu. Utaniona na jezi nyeupe. Vaa lile koti lako la Pasaka na usikae mbali, kaa kwenye kona ya juu, pale pale pako.

Kuhusu swali lako, tutaonana siku hiyo, utajionea mwenyewe.

Victoria


Kibosho
30 Juni 2024

Victoria,

Sijambo. Ndama hajambo.

Isale ya kona ya juu, uliyoing'oa kwa mikono yako mbele ya watu wote waliotoka majumbani kuja kukutazama, nimeirudisha ardhini. Huenda ikashika, huenda isishike. Aliipanda bibi yako.

Wenseslaus


Majengo
7 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Leo sina salamu za watu. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na karatasi gotini, baba mdogo anadhani nafanya hesabu.

Nakuambia yote. Tulipofika, Kocha Davis alizunguka uwanja, akasema kona lazima ziwe na vibendera. Yeye si mtu wa huku, hajui. Akaniangalia mimi, akasema, "Wewe si wa hapa? Hebu ng'oa hayo majani tusimamishe vijiti." Nilijua, babu. Nilijua kabisa. Nilitaka kusema hapana. Nikawaza, nikibisha leo hatanipanga, na babu amekuja na koti la Pasaka. Nikang'oa. Na hakunipanga.

Nilikuona ukigeuka. Nilikuona mpaka ulipopotea kwenye migomba.

Ulitafuta neno moja, hili hapa. Sichezi. Tangu Februari nimekaa benchi. Mbele yangu kuna wasichana wengine wa upande wa kushoto, wakubwa, wazuri kwelikweli, na mimi kazi yangu imekuwa kukunja vizibao na kubeba maji. Si kwamba ni watu wabaya. Kule wananichekea wote, ila hakuna anayenihitaji. Nilipenda basi, babu, sikudanganyi. Lakini nimechoka kuwa abiria.

Ndani ya bahasha kuna isale. Nimeichuma kwenye uzio wa Mama Elifuraha, jirani yetu, na nilimwomba kwanza. Nimeifunga fundo kama ulivyonifundisha. Ni yako, na ya bibi, na ya Rachel, na ya wenzangu wote niliowakimbia bila kuaga. Nataka kurudi nyumbani. Mkinipokea, nitarudi hata kama ni kuokota mipira mfongoni.

Baba mdogo Fabian anapanda Jumapili kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yake, nampa yeye mkononi.

Victoria wako, kama bado ni wako


Majengo
18 Agosti 2024

Babu, shikamoo.

Najua una haki ya kukaa kimya. Lakini isale haikataliwi, ulinifundisha mwenyewe, na sijawahi kusikia umevunja desturi. Kila siku ya soko namngoja Mama Eunike, na kila siku ananiambia hana kitu. Safari hii nampa yeye barua hii.

Kama jibu ni hapana, liandike. Nitalisoma.

Victoria


Kibosho
25 Agosti 2024

Victoria, Victoria, Victoria!

Marahaba mara saba. Isale gani?! Mama Eunike alinipa barua yako nikiwa nakamua, nikaisoma nimesimama, maziwa yakamwagika, Penalti akayakanyaga. Isale gani, mwanangu? Mimi sikupata isale. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nikisema, kweli mtoto huyu amekuwa wa mjini, anang'oa halafu ananyamaza.

Goti haliniruhusu kushuka, kwa hiyo nilimtuma Rachel kwa Fabian, wewe ukiwa shuleni, na maneno ambayo kalamu hii ya kanisani haiwezi kuyaandika. Fabian akaapa kwamba barua aliileta. Akapekua. Akapekua tena. Unajua ilikuwa wapi? Siku ile ya kipaimara alivaa koti la suti ya mteja, eti alitaka kuona kama linakaa vizuri mgongoni! Akarudi, akaipiga pasi, akamkabidhi mwenyewe, na barua yako mfukoni. Suti imekwenda harusini Rombo. Imecheza muziki, imemwagiwa pombe ya mbege. Imerudi kwa fundi juzi kwa sababu suruali inambana bwana harusi. Barua yako ilikuwa bado mfuko wa ndani. Fabian anasema anaomba radhi. Mwambie namngoja na fimbo.

Isale ilifika kavu kama tumbaku. Lakini fundo lilikuwepo.

Sasa sikiliza. Jumamosi nilikwenda uwanjani na koti la Pasaka. Nikawaita wote katikati, Rachel akasoma barua yako kwa sauti, kila neno, hata lile la abiria. Halafu nikaliinua jani. Nikauliza, "Nani anaikataa isale hii?" Siwezi kusikia, kwa hiyo nilitazama midomo. Hakuna mdomo uliofunguka. Eunike akaja, akaligusa. Lukresia akaligusa. Wakapita wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka jani likavunjika, na vipande nimeviweka kwenye Biblia. Kisha wakaanza kurukaruka kama ndama. Umepokewa, mama. Umepokewa!

Sasa na mimi niseme nililoficha. Tangu uondoke, timu yako inacheza watu kumi. Msichana wa kumi na moja hatuna. Pale pako kushoto pamebaki wazi, na kila timu inapita papo hapo. Siku Theluji walipokuja, labda uliwahesabu kumi ukadhani mmoja anaumwa, nao walitufunga kupitia mlango huo huo. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka urudi kwa huruma. Mtu arudi kwa sababu anataka.

Na hili ndilo tamu kuliko yote. Kombe la mabinti linaanza mwezi ujao. Rachel alikwenda kwa waandaaji kuuliza kama unaweza kutuchezea. Wakamwambia Theluji hawakukuandikisha. Kocha wako hakuona haja! Kwa hiyo uko huru kama kuku wa kienyeji. Benchi lile lililokuliza ndilo lililokuachia mlango wazi.

Adhabu yako nimeamua mimi. Kila Jumamosi utapita nyumba kwa nyumba kukusanya majivu ya mistari.

Nimekuwekea jani humu, bichi, la kona ya chini, na fundo lake. Ni kwa ile barua yangu ya Juni. Mzee naye hukosea.

Isale ya bibi yako imeshika.

Babu yako


Majengo
24 Novemba 2024

Babu! Babu! Babu!

Shikamoo! Wote wazima, wote wamelewa furaha, na baba mdogo amepoteza sauti kabisa. Najua ulisema goti "linaendelea vizuri" na kwamba ungekuja fainali. Rachel ameniambia ukweli, kwamba tangu wiki iliyopita hutoki kitandani bila fimbo mbili. Kwa nini hukuniandikia? Basi, tumelingana. Kiti chako tulikiweka kwenye mstari, tukakivalisha jezi, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Najua wenzangu wamepanda jana hiyo hiyo kukuletea kombe, lakini mimi ninao mtihani kesho, kwa hiyo mechi nakuletea kwa karatasi. Vaa miwani.

Uwanja wa mjini ulijaa. Theluji walishuka kwenye basi lao, sisi tulishuka kwenye gari la mizigo la baba yake Lukresia, na majani ya ndizi yalikuwa bado yametuganda mgongoni. Watu wakacheka. Nikawaambia wenzangu, waacheni wacheke sasa hivi wakiwa na pumzi.

Lakini kipindi cha kwanza, babu, tulikuwa kichekesho kweli! Uwanja tambarare ulituchanganya. Sisi tumezoea kuupiga mpira kwa nguvu ili upande, na pale hakuna pa kupanda. Nampasia Lukresia, mpira unampita, unakwenda kwa watazamaji. Eunike anapiga kutoka golini, mpira unavuka uwanja mzima na kumfikia kipa wa wenzetu! Wakatufunga moja. Eunike aliupangua mwingine kwa ncha za vidole, sijui aliufikiaje.

Mapumziko Rachel hakutugombeza. Alikuwa ameshuka mlimani siku ile ile asubuhi, midomo imebabuka kwa baridi. Akasema, "Hapa mlima haupo. Punguzeni nguvu mnapopiga. Miguu ya kukimbia msiipunguze hata kidogo." Basi.

Kipindi cha pili tukaupata. Mpira ukaanza kutii. Na babu, unajua walianza kuchoka lini? Mapema! Walishika viuno, walikunywa maji, walifunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Sisi ambao kila Jumamosi tunaukimbiza mpira kutoka mfongoni hadi goli la juu, tulikuwa ndiyo kwanza tunapata joto. Nikampita beki, nikaupenyeza katikati, Lukresia akaumalizia. Tukalingana, moja kwa moja!

Halafu dakika za mwisho kabisa, kona. Upande wa kulia, nzuri kwa mguu wangu. Nikasikia Kocha Davis anapiga kelele, "Huyo ni Victoria, anazungusha! Mtu asimame mlingotini!" Alikuwa anakumbuka. Kumbe muda wote alijua ninachoweza.

Nikafika kwenye kona, nikakuta kibendera cha plastiki. Ningeweza kukisukuma nipate nafasi ya kukimbilia. Mkono wangu ulikwenda, babu, halafu ukarudi wenyewe. Jani lako lilikuwa ndani ya soksi yangu, nililisikia. Nikasimama kama ninavyosimama pale juu, hatua ndogo, mwili pembeni, kana kwamba isale ya bibi iko pale na anatazama. Nikapiga.

Mpira ulielekea nje kidogo, kila mtu akadhani umepotea. Halafu ukageuka. Ukampita yule wa mlingotini, ukampita kipa mikono ikiwa hewani, ukaingia ndani ya nyavu bila kuguswa na mtu! Refa akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Mbili kwa moja! Babu, sijawahi kusikia kelele za namna ile! Nilitamani nikuazime masikio yangu, uyatumie dakika ile moja tu.

Eunike alikimbia kutoka golini kwake mpaka kwangu, akanirukia, tukaanguka. Rachel, ambaye amewafikisha wageni wengi kileleni bila kutoa chozi, alikaa chini kwenye nyasi akalia kama mtoto. Baba mdogo aliruka uzio akiwa ananing'iniza futi yake shingoni, akaizungusha hewani mpaka ikamchapa mshika kibendera. Tumelibeba kombe, babu. Mfongoni! Wa uwanja wa mteremko!

Baada ya hapo Kocha Davis alikuja kunipa mkono. Hakununa. Akauliza, "Ulijifunzia wapi kuzungusha vile?" Nikamjibu, "Kwenye majani uliyoniambia ning'oe." Halafu akaniuliza majani yale ni nini, na nikamweleza yote, mpaka na fundo.

Amesema Theluji nafasi yangu ipo, na safari hii si benchi. Nimemshukuru, kwa kweli nimemshukuru. Nikamwambia ninayo timu.

Mjukuu wako, mfungaji,
Victoria


Kibosho
8 Desemba 2024

Victoria mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba, na tena marahaba. Goti linapungua. Safari hii ni kweli, muulize Rachel.

Siku ile nilikaa kwenye kiti barazani, nimetazama barabara. Sikusikia honi wala vigelegele. Lakini nilimwona Penalti akikata kamba na kukimbia, nikajua kuna kelele kubwa inakuja. Kisha nikaona gari la mizigo limewasha taa mchana, na juu yake wasichana wamejazana na kitu kinachong'aa. Na mbele ya gari, kwenye matope, Mama Eunike anacheza huku ameshika sketi kwa mikono miwili, mwanamke ambaye hata harusini kwake alikaa kama picha. Nikasimama, bila fimbo. Nikacheza na mimi, na goti likalipia baadaye.

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kama kitambaa. Padre naye ameisoma. Aliyekataa kuisoma ni Penalti peke yake.

Sasa usianguke. Jumatano alikuja mgeni hapa kwangu kwa miguu, maana gari lilikwama kule chini. Ni Davis wako. Alikuwa ameshika isale, ameishika kwa mikono miwili kama bibi harusi anavyoshika maua, kichwa chini mizizi juu, maskini. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Lakini alikuwa ameifunga fundo. Akaandika kwenye karatasi, kwa sababu alishaambiwa kuhusu masikio yangu, "Mzee, sikujua." Nikaipokea. Nani angeikataa? Tukashuka uwanjani, tukaipanda pamoja nje ya mstari, karibu na ile ya bibi yako. Nikamnywesha mbege. Anaomba Theluji waje kufanya mazoezi kwetu mwezi wa kwanza, anasema wasichana wake hawajawahi kukimbia kupanda. Nimemwambia karibuni, ila basi waliache chini.

Krismasi mnapanda wote. Mama yako ameniandikia kutoka Mwanza kwamba anakuja. Beberu yupo, amenenepa mpaka anahema. Na nimeshaamua kuhusu nyama, nataka ulijue kabla hujafika. Kidari ni cha mzee wa mji, ndivyo ilivyo hapa kwetu tangu baba yangu na baba yake. Mwaka huu kidari changu nakupa wewe. Nitakukatia mwenyewe, mbele ya watu wote, mahali pale pale waliposimama siku ile wakikutazama unang'oa. Fabian atauliza tangu lini mtoto wa kike akapewa kidari. Nitamwambia asome barua yako, kama haijaenda tena harusini.

Isale ya kona ya juu imetoa jani jipya, limesimama wima. Njoo ulione. Na uje na ndoo, kwa sababu majivu bado ni adhabu yako.

Babu yako,
Wenseslaus